Kufundisha Mawimbi ya Redio kwa Mlio wa Simu katika Spika

Afundishaye mawimbi ya redio hukabiliwa na taabu isiyomkabili afundishaye mawimbi ya maji au ya sauti. Mawimbi ya maji huonekana katika karai, na ya sauti husikika. Lakini ya redio hayaonekani, hayasikiki wala hayagusiki, na kwa hiyo aghalabu hufundishwa kwa ubao na chaki peke yake. Mwanafunzi huandika tarakimu, huzikariri na kuzijibu katika mtihani, pasipo kuamini moyoni kwamba kuna kitu kilichopita hewani. Katika makala hii tunapendekeza somo ambalo zana zake hupatikana kwa urahisi: simu ndogo ya vitufe, redio au spika yenye amplifaya, hedifoni ikiwapo, na baiskeli.

Jambo lenyewe wanafunzi wengi wanalijua. Simu ikiwekwa karibu na redio au waya wa hedifoni, husikika mlio wa ti-ti-ti, ti-ti-ti, trrrr, na baada ya muda mfupi simu huita. Mwalimu akiulizwa sababu, yamkini atajibu kwamba hayo ndiyo mawimbi ya simu yanayosikika. Jibu hilo ni baya kuliko kunyamaza, kwa kuwa linabomoa kwa neno moja kile ambacho somo zima la mawimbi linajaribu kujenga.

Tazama hesabu. Simu za kizazi cha pili, yaani za mtandao wa GSM ulioanza kutumika kibiashara huko Finland mwaka 1991, hurusha mawimbi ya megahezi 900 au 1800 hivi. Megahezi 900 ni mitikisiko milioni 900 kwa sekunde, na sikio la binadamu halipokei zaidi ya 20,000. Isitoshe, mawimbi hayo si ya hewa hata kidogo. Basi kinachosikika ni nini?

Mtandao wa GSM huwagawia watumiaji muda kwa zamu. Mkondo mmoja wa mawimbi hutumiwa na simu nane. Kila moja hurusha kwa muda wa sehemu 577 kati ya milioni za sekunde, kisha hunyamaza ikingoja saba nyingine zipite. Mzunguko mzima huchukua sekunde 0.004615, na kwa hiyo simu huwaka na kuzimika mara 217 hivi kwa sekunde. Idadi hiyo imo ndani ya uwezo wa sikio. Wapiga muziki watatambua kwamba inakaribia noti ya 220 iliyo chini ya do ya katikati katika kinanda.

Lakini kuwaka na kuzimika kwa mawimbi hakutoshi kutoa sauti, hapana budi pawepo kitu cha kuyatambua. Urefu wa wimbi la megahezi 900 ni sentimita 33, na robo yake ni sentimita 8 tu, hivyo waya wa hedifoni, au hata njia fupi za shaba ndani ya redio, hugeuka antena pasipo kuombwa. Umeme ulionaswa huingia katika transista za amplifaya. Transista, kama dayodi, haipitishi umeme sawasawa kwa pande zote mbili. Nusu moja ya wimbi hupita kwa wepesi kuliko nyingine, na kinachobaki ni msukumo mdogo wa umeme kila simu inaporusha. Misukumo 217 kwa sekunde hukuzwa na kupelekwa kwenye spika. Redio za kale za kioo zilifanya kazi hiyo kwa makusudi, nayo amplifaya huifanya kwa bahati mbaya.

Maelezo haya mwalimu ayajue, lakini asianze nayo. Aanze kwa kuiweka simu karibu na spika, ikiwa imepangwa kutumia kizazi cha pili tu kama ina nafasi ya kuchagua, na mtu aipigie. Hedifoni zisivaliwe kwa sauti kubwa. Wanafunzi wakishausikia mlio, waulizwe umeingia kwa njia gani, na kila kundi litoe dhana yake kabla ya kugusa chochote. Kisha wapunguze sauti ya spika hadi sifuri. Hapa ndipo somo linaponoga: mlio ukiendelea vilevile, umeingia baada ya kitasa cha sauti, ukitoweka, umeingia kabla yake. Matokeo hutofautiana kwa chombo na chombo, na mwalimu asione haya makundi mawili yakipata majibu yanayopingana, maana yote mawili yanaweza kuwa kweli. Wachomoe waya unaoleta muziki wasikie kama mlio unapungua; waukunje, waunyooshe. Wasogeze simu na kupima kwa rula mlio unapokoma. Mwisho simu iwekwe katika hali ya ndege, ambapo hairushi chochote ingawa imewaka.

Tunashauri wanafunzi watoe taarifa kwa Kiswahili kwanza, hata pale fizikia inapofundishwa kwa Kiingereza. Tumewaona wengi wanaojua kisa chote lakini hunyamaza kwa kukosa neno.

Sasa baiskeli. Ipinduliwe, na kipande cha kadi ngumu kiguse spoki za gurudumu la nyuma. Gurudumu lenye spoki 36 likizunguka mara 3 kwa sekunde, kadi hugongwa mara 108, na sauti nzito husikika. Likifikia mara 6, hugongwa mara 216, nayo sauti hupanda oktava nzima hadi karibu kabisa na mlio wa simu. Vidole vikae mbali. Mwanafunzi huona kwamba kiwango cha sauti kinatokana na hesabu ya migongo. Tusemapo kwamba simu inagonga amplifaya mara 217, ana kitu cha kushika.

Maswali yatakuja. Kwa nini mlio hutangulia simu kuita? Kwa sababu mnara huiita simu kwanza, nayo hujibu kwa kurusha, kabla kengele haijalia. Kwa nini hulia zaidi mahali penye mtandao hafifu? Kwa sababu simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu, hata kufikia wati 2 katika megahezi 900, na iliyo karibu huipunguza. Kwa nini simu nyingine hazitoi mlio huo? Zikitumia kizazi cha tatu hurusha mfululizo bila zamu za namna ile, na kwa nguvu ndogo zaidi. Wapo watakaouliza kama mlio ni dalili kwamba simu inadhuru kichwa. Wajibiwe kwamba mlio huonyesha udhaifu wa amplifaya katika kujikinga. Wala haupimi madhara ya aina yoyote. Kuhusu tiba, kuisogeza simu nusu mita aghalabu hutosha, na mafundi huongeza kapasita ndogo au pete ya feraiti kwenye waya.

Kupima kama somo limeeleweka, swali moja linatosha: simu ikihama kutoka megahezi 900 kwenda 1800, je, mlio utapanda oktava? Aliyekariri atasema ndiyo, kwa kuwa idadi imeongezeka maradufu. Aliyeelewa atasema hapana, kwani zamu bado ni 217 kwa sekunde. Wa kwanza asipewe alama sifuri upesi. Apewe kadi na gurudumu, aulizwe ni kitu gani hasa amekizungusha maradufu.