Kabla ya Kutia Sahihi Fomu ya Bima



Siku ile mlipofunga ndoa mbele ya padre na mashahidi wenu, mliahidiana kuwa waaminifu katika afya na katika ugonjwa. Wengi wetu tuliyasema maneno hayo tukiwa vijana wenye nguvu, na mawazo yetu yalikuwa kwenye karamu iliyotungoja nje ya kanisa. Ugonjwa tuliuona kuwa jambo la wazee. Mwezi huu napenda tujifunze juu ya jambo linaloigusa ahadi hiyo, nalo ni namna ya mume na mke kuchagua bima ya afya ya kampuni binafsi.

Pengine mtauliza, katekista anajua nini kuhusu bima? Mimi si wakala, wala sina kampuni ninayoipigia debe. Ninachokijua nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe, na nyumba yangu ndiyo iliyolipa karo.

KOSA LANGU

Miaka michache iliyopita daktari wa zahanati aliniambia kuwa nina presha. Alinipa vidonge na kadi ya kurudi kila mwezi. Sikumwambia mke wangu. Nilijiambia kwamba sitaki kumtia wasiwasi, lakini ukweli ni kwamba niliona haya. Vidonge nilivificha ndani ya mkoba wangu wa vitabu vya katekesi, mahali ambapo nilijua hatapekua.

Baadaye akaja wakala wa bima, kijana mwenye maneno mazuri. Fomu yake iliuliza kama nimewahi kutibiwa presha, sukari, moyo au pumu. Nikajaza "Hapana". Nilihofia kwamba nikisema kweli ada ingepanda, na pia kwamba mke wangu angeisoma fomu hiyo. Nikatia sahihi peke yangu, nikalipa, nikaenda nyumbani nikijiona baba mwenye busara.

Miezi minane haikupita, nikaanguka shambani wakati wa kuvuna mahindi. Nililazwa siku tisa. Kampuni iliomba maelezo ya daktari, na kadi yangu ya zahanati ikaonyesha tarehe zote. Barua ikaja: hawatalipa, kwa sababu niliwaficha ugonjwa niliokuwa nao. Sikuwa na la kujibu. Bima ya serikali ililipa sehemu yake, na deni lililobaki lilikuwa shilingi 187,000. Tuliuza ng'ombe wawili, karo ya kifungua mimba wetu ikachelewa muhula mzima, na jumuiya yetu ndogo ilifanya harambee.

Mke wangu hakunigombeza hospitalini. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Baba watoto, ng'ombe nitasahau. Lakini ulimwambia karani wa zahanati, na mimi hukuniambia." Maneno hayo yaliniuma kuliko deni lenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikufa, lakini niliumbuka mbele ya mtu niliyemwahidi kila kitu.

Hapo ndipo nilipojifunza somo la leo: kabla mume na mke hawajaiambia kampuni ukweli, sharti wauambiane wao wenyewe.

HATUA YA KWANZA: AMBIANENI HALI YENU

Ketini wawili, watoto wakiwa wamelala. Kila mmoja aseme magonjwa aliyo nayo na aliyowahi kuwa nayo: presha, sukari, pumu, kifafa, vidonda vya tumbo, virusi vya Ukimwi, upasuaji wa zamani, mimba zilizoharibika, na magonjwa yaliyo katika ukoo wake. Semeni pia hali ya watoto. Anayesikiliza asikatize wala asilaumu. Kama siri ni nzito, mwombeni padre au wanandoa wazima mnaowaamini wawasindikize.

Kwa nini jambo hili ni la lazima? Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa anayeomba. Kampuni ikijua kwamba una sukari, inaweza kuongeza ada, au kukuwekea muda wa kungoja, au kuweka kikomo kwa ugonjwa huo. Pengine itakukataa, nawe utajaribu kwingine. Hayo yote ni afadhali. Ukificha, utalipa ada kila mwaka halafu ukose msaada siku unapouhitaji. Tena usimwachie wakala akujazie fomu, na usitie sahihi karatasi yenye nafasi tupu. Sahihi ni yako, na uongo ulioandikwa hapo utahesabiwa kuwa wako. Baki na nakala.

HATUA YA PILI: HESABUNI WATU NA FEDHA

Kwanza ijueni bima ya serikali. NHIF, iliyoanza mwaka 1966, sasa haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Mchango huu ni wa lazima kisheria, nao unamhudumia mume, mke na watoto wao. Bima ya kampuni ni nyongeza juu yake. Msiache SHA eti kwa kuwa mna kadi nyingine, maana mikataba mingi ya kampuni inatazamia SHA ilipe sehemu yake kwanza.

Pili, hesabuni watu. Bima ya familia kwa kawaida ni ya mume, mke na watoto. Watoto wakubwa mara nyingi huruhusiwa tu kama bado wako masomoni. Wazazi wenu hukatiwa bima yao peke yao, ada yao huwa juu zaidi, na kampuni nyingi huweka ukomo wa umri wa kuingia. Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Mume anamlipia mama yake kwa siri, mke naye anamtumia baba yake kwa siri, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua fedha zimekwenda wapi. Semeni wazi ni wazazi gani mtawasaidia na kwa kiasi gani, mkiwapima wa pande zote mbili kwa mizani moja.

Tatu, hesabuni fedha. Ada ya bima huja kila mwaka, na hupanda kadiri umri unavyosonga. Msinunue bima mtakayoilipia mwaka mmoja tu kisha muishindwe, kwa sababu mkiacha na kurudi, mara nyingi muda wa kungoja huanza upya. Kama fedha ni chache, shauri langu ni hili: chukueni bima ya kulazwa peke yake, na ile ya kutibiwa na kurudi nyumbani muiache. Dawa ya kikohozi mnaweza kuilipa kutoka mfukoni mkiweka akiba kidogo kila mwezi. Siku kumi za kulazwa ndizo zinazouza shamba. Kinachoweza kuiangusha nyumba ndicho cha kukatiwa bima kwanza.

HATUA YA TATU: SOMENI MKATABA

Wengi wetu hutazama ada na jina la kampuni, basi. Rahisi huwa ghali. Someni mkataba wote, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiandika maswali. Tafuteni mambo haya saba:

1. Kikomo. Mkataba unaposema shilingi 500,000 za kulazwa, ulizeni: ni za kila mtu, au ni za familia nzima kugawana? Kama ni za kugawana, mtoto akizitumia 450,000 mwezi wa Machi, ninyi nyote mnabaki na 50,000 hadi mwisho wa mwaka.

2. Vikomo vidogo ndani ya kikomo kikubwa. Chukueni mfano. Bima ni ya shilingi 500,000, lakini uzazi umewekewa 60,000. Mama akijifungua kwa upasuaji na gharama iwe 130,000, kampuni italipa 60,000 na ninyi mtatafuta 70,000. Ile 500,000 haitawasaidia hapo. Tazameni vikomo vya uzazi, magonjwa sugu, saratani, meno na macho.

3. Muda wa kungoja. Kila kampuni ina kipimo chake, lakini kwa kawaida magonjwa hungoja kama siku 30, upasuaji usio wa dharura siku 60 au 90, uzazi miezi 10 au 12, na magonjwa sugu mwaka mmoja. Ajali kwa kawaida haingoji. Ninyi vijana mnaotazamia mtoto, sikilizeni vizuri: mama akiisha kupata mimba, mmechelewa kwa mimba hiyo. Bima ya uzazi hutafutwa mapema.

4. Yasiyolipwa. Kila mkataba una ukurasa wa mambo ambayo kampuni hailipi. Ukurasa huo usomeni mara mbili. Ulizeni hasa juu ya mtoto anayezaliwa na kasoro au kabla ya wakati, na analindwa kuanzia siku gani.

5. Sehemu yako ya kulipa. Mikataba mingine inakutaka ulipe kiasi fulani kila unapomwona daktari. Kwa nyumba yenye watoto wadogo watano kiasi hicho si kidogo.

6. Hospitali. Kadi hufanya kazi katika hospitali zilizo kwenye orodha ya kampuni. Msiridhike na orodha ya wakala. Nendeni katika hospitali iliyo karibu nanyi, pengine ile ya misheni, mkaulize dirisha la malipo kama wanaipokea kadi hiyo, na kwa wadi gani. Hospitali nzuri iliyo Nairobi haitakufaa usiku wa manane ukiwa Kitale.

7. Ruhusa ya kabla. Kwa kulazwa na upasuaji kampuni nyingi hutaka kuarifiwa kwanza, na kwa dharura ziarifiwe ndani ya muda uliowekwa. Nyote wawili mjue nambari ya kupiga. Kama ni baba peke yake anayeijua na yeye ndiye aliyezimia, itasaidia nini?

JIHADHARINI NA MALIPO

Kampuni na mawakala wa bima husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Hakikisheni kwamba kampuni na wakala wana leseni ya mwaka huu. Fedha zilipwe katika akaunti au nambari ya malipo ya kampuni, si katika simu ya wakala, hata kama ni Mkristo mwenzenu wa parokia moja. Dai risiti. Kampuni ikikataa kulipa na mnaona hamkutendewa haki, iandikieni barua ya kupinga, mkiambatisha hati za hospitali. Msipopata jibu la kuridhisha, pelekeni malalamiko IRA.

Tena, anayelipa kodi ya mapato anaweza kupata nafuu ya asilimia 15 ya ada ya bima ya afya aliyojilipia au aliyomlipia mwenzake au mtoto, mradi nafuu hiyo isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Mwulizeni mwajiri wenu, na tunzeni cheti cha bima.

MWISHO

Mwaka uliofuata mimi na mke wangu tulitafuta bima nyingine. Safari hii tuliketi mezani pamoja. Yeye alisoma maswali, mimi nikajibu, na tulipofika penye presha aliinua macho akanitazama. Nikasema, "Andika ndiyo." Ada yetu ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza, na kwa mwaka mzima presha yangu haikulipiwa. Hilo tulilijua tangu mwanzo, tukaweka akiba yake katika chama. Vidonge vyangu sasa viko kwenye kabati la jikoni, karibu na chumvi ambayo mke wangu hanipi tena kwa wingi. Nikisahau kuvimeza, hata mtoto wetu mdogo hunikumbusha.

Bima haizuii ugonjwa, wala haiwezi kushika nafasi ya mwenzako kando ya kitanda chako. Lakini ikichaguliwa kwa ukweli, inawaachia ninyi wawili nafasi ya kuuguzana bila kufikiria ni ng'ombe yupi atakayeuzwa kesho.

ZOEZI LA NYUMBANI

Mwezi huu tengeni jioni moja mjibu maswali haya pamoja:

1. Je, kuna ugonjwa, dawa au kadi ya kliniki ambayo mwenzangu haijui? Nini kinanizuia kumwambia?

2. Mmoja wetu akilazwa wiki mbili kuanzia kesho, deni litalipwa na nini?

3. Wazazi wetu wa pande zote mbili wana bima gani, na tumekubaliana kuwasaidia kwa kiasi gani?

4. Hati zetu za bima ziko wapi, na je, sote wawili tunaweza kuzipata gizani?