Shule Zilipofungwa: Namna Walimu Walivyofikisha Masomo Nyumbani

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari nchini kutokana na ugonjwa wa korona. Kidato cha sita walirejea darasani tarehe 1 Juni, na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo walimu walilazimika kutafuta njia za kuwafikia wanafunzi walioko nyumbani. Njia hizo zinafaa kufahamika hata sasa, kwa kuwa mafuriko au ugonjwa wa mlipuko huweza kufunga shule wakati wowote.

Redio na televisheni

Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya masomo vilivyorushwa hewani. Msikilizaji wa redio haoni ubao; kwa hiyo mwalimu wa redio hueleza mchoro kwa maneno, hurudia jambo la msingi, kisha hunyamaza kidogo ili mwanafunzi ajibu au aandike. Upungufu wake ni kwamba kipindi hakimsubiri aliyechelewa, wala mwalimu hamwoni ambaye hakuelewa.

Simu

Walimu waliotumia makundi ya WhatsApp walibaini kuwa video humaliza kifurushi cha mzazi. Badala yake walituma picha ya ukurasa, maelezo ya sauti ya dakika chache na maswali machache. Jioni ndio wakati uliofaa, kwa kuwa simu hurudi nyumbani pamoja na mzazi. Mwanafunzi alijibu katika daftari, mzazi akapiga picha na kuirudisha kwa mwalimu. Kwa mwenye simu ya kitochi, ujumbe mfupi uliotaja kitabu, ukurasa na namba za maswali ulitosha.

Kaya zisizo na simu wala redio

Kwa kaya hizi yalibaki maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi. Yalipokosekana, mtoto alikaa miezi mitatu bila kazi yoyote ya mwalimu. Shule zilipofunguliwa, mtoto huyo aliketi dawati moja na mwenzake aliyeendelea kusoma, na mwalimu akalazimika kuwapima wote kwanza kabla ya kuendelea na mada mpya.

Mambo ya kuzingatia

Funzo kuu ni kwamba kifaa kinachofaa ni kile ambacho tayari kimo nyumbani kwa mwanafunzi. Hivyo, wakazi wanashauriwa:

1. Kumpatia mwalimu wa darasa namba ya simu inayopatikana. Asiye na simu aandikishe namba ya jirani anayemwamini.
2. Kupatana mapema na jirani mwenye redio ili watoto wasikilize pamoja.
3. Kumtengea mtoto saa ya kusoma kila siku. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kumtaka mtoto amweleze alichojifunza.
4. Kupitia kamati ya shule, kuandaa orodha ya kaya zisizo na simu wala redio, ili kazi za karatasi zifike kwao kwanza.

Orodha hiyo iandaliwe sasa, shule zikiwa wazi.