Makafi ya Wasese

Asimamaye Mwanza, mahali Mto Mirongo unapoingia ziwani, hutazama maji yaliyovukwa zamani kwa nguvu za watu wasioulizwa hiari yao. Mabaharia hodari wa ziwa hili walikuwa Wasese, wenyeji wa visiwa vya kaskazini. Kabaka Mutesa alipowapiga vita Wavuma mwaka 1875, mitumbwi yake ilizidi 200: Waganda walishika mikuki, Wasese wakashika makafi. Amri ikitoka, mvuvi aliuacha uvuvi wake.

Desturi hiyo haikuwa ya ziwani tu. Katika vita vyake na Napoleon, Uingereza ilitumia manowari kusimamisha merikebu za biashara, hata za Marekani, na kuwatwaa mabaharia kwa nguvu. Lakini hao walikuwa na watetezi. Merikebu isiyo na mabaharia haisafiri, na wenye mali hawakunyamaza. Tangu 1796 Marekani iliwapa mabaharia wake hati za uraia, na wakala wake huko London alidai wafunguliwe, wengine walirudishwa. Shauri hilo lilikuwa sababu mojawapo ya vita vya 1812, ingawa mkataba wa amani wa 1814 haukulitaja hata kidogo.

Msese hakuwa na hati wala wakala. Chifu aliyemtoa alimtoa kwa mfalme wake mwenyewe, angemshtakia nani? Twashukuru kwamba mwaka 1879 mitumbwi ya Mutesa iliwachukua Padre Livinhac na wenzake kutoka Kageye, si mbali na Mwanza, ikawafikisha Buganda. Jina la Livinhac twawafundisha watoto wetu. Waliopiga makafi hatuwataji.