Nati Iliyoshika Kutu: Somo la Sayansi Kutoka Gereji za Pwani ya Kusini

Madhumuni ya makala haya ni kuwasaidia wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha wapate somo la Sayansi kutokana na jambo linaloonekana kila mara katika pwani ya Kilwa na Lindi, nalo ni nati au bolti ya gari kuukuu iliyokwama kwa kutu. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, zana zake hupatikana bila gharama. Pili, baadhi ya watoto tunaowafundisha wataingia gereji wakiwa vijana wadogo, na huko asiyejua sababu ya jambo hutumia nguvu tu. Nguvu isiyo na maarifa huvunja bolti, na pengine huondoa jicho.

Mafundi wa pwani hii wamejifunza kutumia walicho nacho. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, magari yaendayo kusini yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika safari ilikuwa ya mashaka. Bolti iliyovunjika Kivinje au Masoko haikuwa na mbadala wa karibu. Ndiyo maana fundi mzuri alitafuta kwanza njia isiyoharibu kitu. Mpango huo wa fikra ndio tunaotaka mwanafunzi aupate.

1. Kwa nini nati hukwama?

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji pamoja na oksijeni ya hewani. Chumvi ya bahari huharakisha jambo hilo. Tena, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo hujaza mifereji iliyo kati ya nati na bolti, ikavibana pamoja.

Mwalimu aanze na jaribio la misumari minne katika chupa nne. Ya kwanza iwe kavu na yenye kizibo. Ya pili iwe na maji yaliyochemshwa, na juu yake mafuta ya kula ili kuzuia hewa. Ya tatu iwe na maji ya kisima, na ya nne maji ya bahari. Wanafunzi waandike matarajio yao kwanza, kisha wachunguze kwa muda wa juma moja.

Darasa la juu linaweza kuongezewa mfano wa Land Rover, gari lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Bodi yake ilikuwa ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Alumini haishiki kutu kama chuma. Hata hivyo, bolti ya chuma ikipita katika alumini na kuloweshwa na maji ya chumvi, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo. Alumini huliwa na kutoa unga mweupe, nayo bolti hukwama.

2. Hatua za kufungua, kuanzia nyepesi

(a) Kusafisha. Kutu ya nje huondolewa kwa brashi ya waya, ili spana ikae sawasawa.

(b) Kulainisha. Mafuta ya taa au dizeli, yaliyochanganywa na oili kidogo, hudondoshewa penye maungio na kuachwa usiku mzima. Mafuta mepesi hupenya katika nafasi nyembamba kama yapandavyo katika utambi wa kandili.

(c) Kugonga. Mapigo mafupi ya nyundo ubavuni mwa nati huipasua kutu, nayo mafuta hupata njia.

(d) Kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Nati huzungushwa mbele na nyuma kidogo kidogo. Hapa mwanafunzi akumbushwe kutazama upande wa mzunguko, kwani pedeli ya kushoto ya baiskeli hufunguliwa kinyume cha ile ya kulia. Anayelazimisha upande usio wake anazidi kukaza.

(e) Kurefusha spana kwa bomba. Hili ni somo la nyenzo. Jitihada ya nyutoni 200 kwenye spana ya sentimita 20 hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 40. Bomba likifikisha urefu sentimita 80, jitihada ile ile hutoa nyutoni-mita 160. Wanafunzi wapige hesabu hiyo wenyewe, kisha waulizwe: Je, bolti nyembamba itastahimili?

(f) Moto. Fundi huipasha joto nati, si bolti. Watoto wengi hudhani kuwa chuma kikitanuka tundu lake hupungua. Kumbe tundu hutanuka pamoja na chuma chote. Tundu la milimita 20 likiongezewa joto la nyuzi 200 za Selsiasi hukua kwa takriban milimita 0.05. Ni kidogo, lakini hutosha kuivunja kutu.

Darasani moto wa mkaa hauhitajiki. Mwalimu achukue chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma kilichokaza, akitie kifuniko katika maji ya moto kwa dakika moja, akikaushe kwa kitambaa, kisha akifungue. Kanuni ni ile ile, kwa sababu chuma hutanuka zaidi ya kioo.

3. Hadhari

Hatua ya (f) isifanywe na mwanafunzi kwa hali yoyote. Wanafunzi wakitembelea gereji, wasimame mbali na fundi. Moto usikaribishwe kwenye tangi la petroli, pipa lililofungwa, au gurudumu lenye tairi, kwani vitu hivyo huweza kulipuka. Mafuta yaliyodondoshewa yafutwe kwanza. Agongaye chuma akinge macho yake. Vumbi la breki za magari ya zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kufagiliwa likiwa kavu, maana nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Kwa mazoezi ya darasani, bolti chakavu zilizokwisha kutolewa garini zinatosha, nazo zitumike kwa hatua za (a) hadi (d) tu.

4. Namna ya kuliendesha somo

Kosa la kawaida katika somo la namna hii ni mwalimu kutaja hatua sita ubaoni na wanafunzi kuzinakili. Yafaa kila kundi lipewe bolti yake, liichunguze, na kueleza sababu ya kukwama kabla ya kugusa spana. Kila hatua inaposhindwa, kundi liseme ni kwa nini, na hatua ipi ifuate. Fundi wa jirani akialikwa aonyeshe kazi, mwalimu amwombe aeleze sababu pamoja na ustadi.

Katika tathmini, tusimpime mwanafunzi kwa kuuliza kama nati ilifunguka. Tumwulize: Kwa nini hatukuanza na bomba refu? Kwa nini tuliipasha joto nati, si bolti? Ni hatua ipi ungeiacha kama nati iko karibu na tangi la petroli? Mtoto anayejibu maswali haya kwa maneno yake mwenyewe ataweza kuingia gereji yoyote, iwe ya Kilwa au ya Lindi, akatoka na macho yake mawili na vidole vyake kumi.