SOMO LA TAWI: FEDHA ZA TELEVISHENI KATIKA MPIRA WA UINGEREZA, NA WALIOPATA FUNGU LAO



Katika vikao vya matawi tumeulizwa mara nyingi: mchezaji wa mpira wa Uingereza ni mfanyakazi kama sisi, au ni tajiri tu? Swali hili huzuka sana siku ya Jumatatu, watu wakiwa wametoka kwenye vibanda vya kutazama mpira. Jibu letu ni kwamba mtu huyo anauza nguvu za mwili wake kwa mwajiri, kwa mkataba, na umri wake wa kazi ni mfupi kuliko wetu. Akivunjika goti, kazi imekwisha. Basi ni mfanyakazi. Kwamba baadhi yao ni matajiri, hilo halina ubishi. Lakini utajiri huo haukutokana na huruma ya mwajiri, na ndiyo sababu tumeuandikia somo.

Kabla ya televisheni hali ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 1901 wenye mpira wa Uingereza waliweka kima cha juu cha mshahara, pauni 4 kwa wiki. Sisi tumezoea kudai kima cha chini. Wao waliwekewa cha juu! Uwanja ukijaa pomoni, fedha za mlangoni zikihesabiwa kwa magunia, mchezaji hakuvuka hapo. Mwaka 1907 wachezaji walikutana mjini Manchester wakaunda chama chao, Billy Meredith akiwa miongoni mwa viongozi wake. Kima kile kilipanda kwa mwendo wa kobe, na hata mwaka 1961 kilikuwa pauni 20 tu. Mwezi wa Januari mwaka huo chama, kikiwa na Jimmy Hill kama mwenyekiti, kilikuwa tayari kugoma. Zikiwa zimebaki siku chache, waajiri wakakubali kufuta kima hicho. Johnny Haynes wa klabu ya Fulham akaanza kulipwa pauni 100 kwa wiki.

Tumeanzia huko kwa sababu fedha za televisheni zilikuja baadaye. Kama zingekuta kima cha juu bado kipo, zingepita juu ya vichwa vya wachezaji zikaingia moja kwa moja katika mifuko ya wenye vilabu.

Hapo mwanzo wenye vilabu waliiogopa televisheni. Walisema mtu akiona mpira nyumbani hataenda uwanjani kulipa kiingilio. Kwa hiyo tangu mwaka 1964 shirika la BBC lilionyesha vipande tu usiku wa Jumamosi, na michezo ya ligi haikuonyeshwa moja kwa moja kwa utaratibu hadi mwaka 1983. Bei nayo ilikuwa ndogo. Wanunuzi walikuwa wawili tu, BBC na ITV, na nyinyi mnaofanya kazi katika mashamba ya kahawa na pamba mnajua jinsi wanunuzi wawili wanavyoelewana bei mapema kabla ya mzigo kufika kwenye mzani. Mwaka 1988 kampuni za ITV zilinunua peke yao kwa pauni milioni 44 kwa miaka 4.

Halafu ikaja televisheni ya kulipia, inayopokelewa kwa dishi. Kampuni ya Sky, ya tajiri Rupert Murdoch, ilikuwa ikipata hasara, na ilihitaji kitu ambacho watu wangelipa kila mwezi ili wakione. Kitu hicho kilikuwa mpira. Wakati huohuo vilabu vikubwa vilikuwa vimechoka kugawana fedha za televisheni na vilabu vidogo vya madaraja ya chini. Vilabu 22 vya Daraja la Kwanza vikajitoa, na mwaka 1992 Ligi Kuu ikaanza. Mkataba wake wa kwanza na Sky na BBC ulitangazwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka 5.

Mwanachama aangalie vizuri hapo. Vilabu vikubwa havikuanza kwa kutafuta fedha zaidi kwa ajili ya wote. Vilianza kwa kujitoa katika mapatano ya pamoja. Kiwanda kikubwa kikisema mapatano ya taifa yanakizuia, na kwamba kitajadiliana peke yake, maneno yake huwa ni yaleyale.

Sasa tufike kwenye mgomo ambao haukufanyika. Mwaka 2001 mkataba mpya wa televisheni ulikuwa umezidi pauni bilioni 1 kwa miaka 3. Chama cha wachezaji kilikuwa na desturi ya kupata fungu katika fedha hizo. Fungu hilo halikuwa la mishahara ya mastaa. Lilikuwa la kusomesha vijana walioachwa na vilabu, kuwatibu walioumia, na kuwasaidia wazee waliocheza zamani kwa pauni zile 20. Chama kikadai asilimia 5. Waajiri wakataka kutoa kidogo zaidi. Kura ya siri ikapigwa, na asilimia 99 ya waliopiga kura wakakubali mgomo. Wamo waliokuwa wakilipwa maelfu ya pauni kwa wiki, ambao wao wenyewe hawakuhitaji hata senti moja ya fungu lile.

Na mgomo wenyewe ulipangwa kwa akili. Hawakusema hatutacheza. Walisema hatutacheza mbele ya kamera. Mchezo usio na kamera ungeendelea kama kawaida, mtazamaji wa uwanjani asipate hasara, lakini waliolipa mabilioni wangekosa walichokinunua. Mwezi wa Novemba, kabla ya siku ya mgomo, waajiri walikubali kutoa zaidi ya pauni milioni 50 kwa miaka 3. Lakini walikubali kiasi, hawakukubali asilimia. Asilimia hupanda pamoja na mkataba. Kiasi kilichotajwa hubaki palepale mpaka ukigombee tena. Mkataba ulioanza mwaka 2016 ulikuwa wa pauni bilioni 5.136 kwa miaka 3.

Katibu wa chama wakati huo alikuwa Gordon Taylor, aliyekiongoza tangu mwaka 1981 hadi 2021. Alifanya kazi kubwa. Lakini miaka ya mwisho mshahara wake ulizidi pauni milioni 2 kwa mwaka, na wanachama wakapiga kelele. Walikuwa na haki ya kupiga kelele.

Madaraja ya chini yalipatwa na mengine. Vilabu vile viliingia mkataba wao na kampuni ya ITV Digital, pauni milioni 315 kwa miaka 3. Vilabu vikaajiri na kukopa kwa kutegemea fedha ambazo hazijafika. Mwaka 2002 kampuni ile ikaanguka ikiwa bado inadaiwa zaidi ya pauni milioni 178. Vilabu vikazishtaki kampuni mama mbili, Carlton na Granada, vikashindwa, kwa kuwa hapakuwa na hati ya dhamana iliyotiwa sahihi. Bradford City na vingine vikawekwa chini ya wafilisi, na wachezaji mamia wakaachwa bila mikataba. Ahadi ya mdomo ya tajiri haikusimama mahakamani hata kwa watu wenye mawakili.

Tena wapo wafanyakazi ambao kamera haiwaonyeshi: wakata nyasi, wauza tikiti, wapishi, wafagiaji. Klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza ikifilisika, kanuni za mpira zinataka wachezaji na vilabu vingine walipwe madai yao yote kwanza. Wengine hupata makombo. Portsmouth ilipoanguka mwaka 2010, watumishi 85 walipoteza kazi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wachezaji wa Arsenal walikubali kukatwa mshahara kwa asilimia 12.5; miezi michache baadaye klabu ikatangaza kupunguza kazi 55. Hao hawakuwa na kiti mezani fungu la televisheni lilipojadiliwa.

Kwa jirani zetu wa Kenya kampuni ya SuperSport iliilipa ligi yao kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2017 ikavunja mkataba kwa ugomvi wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. Vilabu vilivyokuwa vikitegemea fedha hizo vikabaki mikono mitupu, na mishahara ya wachezaji ikaanza kuchelewa.

Kazi ya kikao kijacho: mtunza hazina wa tawi achukue chaki. Agawanye milioni 44 kwa miaka 4, kisha bilioni 5.136 kwa miaka 3, aone kwa mwaka mmoja bei imepanda mara ngapi. Halafu mfungue mapatano yetu ya kazi, mtafute kama kuna kifungu kinachounganisha malipo na bei ya mazao au bidhaa, na kama kibarua wa msimu ametajwa humo. Majibu yaletwe kwa maandishi kabla ya mazungumzo na mwajiri kuanza.