Maziwa Kulala Si Kuoza

Ndugu msomaji, ukisikia Samburu usikimbilie kuwaza wale wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Samburu yangu iko Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Mariakani na kabla hujafika Taru. Huku kwetu Udurumani tunafuga, na mvua ikinyesha vizuri ng'ombe hutoa maziwa mengi kuliko tunavyoweza kuyanywa siku hiyo. Friji hatuna. Basi tufanyeje? Jibu la nyanya yangu ni moja tu: "Yalazeni!"

Ndiyo maana twayaita maziwa lala. Wengine husema maziwa ya mgando, na ndugu zetu wa Tanzania hupenda kusema mtindi. Wakalenjin wana mursik, ambayo kibuyu chake husuguliwa ndani kwa kaa la mti. Wasomali wana susa ya maziwa ya ngamia. Majina ni mengi, kazi ni moja.

Nyanya hutia maziwa mabichi kibuyuni, akaziba mdomo, akangoja siku moja au mbili. Hachemshi, wala hatii kitu. Nami nilikulia maziwa hayo, sikuyaona na kasoro. Lakini mwaka jana mjomba wangu aliugua homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Alimeza dawa za malaria mara mbili, wapi! Damu ilipopimwa upya, kumbe ni brusela, ugonjwa wa mifugo ambao mtu huweza kuupata kwa kunywa maziwa mabichi. Alitumia dawa wiki 6.

Nilipomweleza nyanya, alikasirika. "Kwani maziwa yangu yamemuua nani? Wewe mwenyewe umekuzwa na nini?" Nikanyamaza, maana kweli nilikuzwa nayo. Hata hivyo niliazimia kulaza maziwa yaliyochemshwa.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilichemsha maziwa, nikayafunika, nikangoja siku mbili. Nilipofunua, harufu ilinifukuza jikoni, na ladha yake ilikuwa chungu. Nyanya akacheka mpaka akakaa chini. "Ati hayo ndiyo ya kisomo? Hayo hayakulala, mwanangu. Hayo yamekufa."

Naam, bila kujua alikuwa amesema sayansi. Mwalimu wetu wa biolojia alinifafanulia. Mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba uchachu wa maziwa huletwa na vijidudu vilivyo hai. Vijidudu hivyo hula sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, na kutoa asidi ya laktiki. Asidi ndiyo inayoyafanya maziwa yawe machachu, ndiyo inayogandisha protini yake, na ndiyo inayovizuia vijidudu vingi vya kuozesha. Mimi nilipochemsha niliua wabaya na wema pamoja. Waliosalia ni wachache wenye ganda gumu lisilokufa kwa moto, na hao ndio walioozesha maziwa yangu. Kwa hiyo baada ya kuchemsha, sharti tuwarudishe wale wema. Hiyo ndiyo mbegu.

Fuata hatua hizi:

1. Chemsha lita 1 ya maziwa mpaka yafure na kutokota, huku ukikoroga yasiungue.
2. Yafunike, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kiasi cha kidole kustahimili bila kuungua. Yakiwa moto yataiua mbegu.
3. Tia vijiko vikubwa 2 vya mbegu, ukoroge taratibu.
4. Mimina katika chombo kilichosuuzwa kwa maji yanayochemka, ufunike.
5. Weka penye kivuli, usiyatikise. Kwa joto la pwani, saa 12 hadi 24 zatosha.
6. Yakishaganda, toa vijiko 2 uviweke kando viwe mbegu ya kesho. Yakiwa na ukungu, utelezi au harufu mbaya, mwaga.

Hapa pana mtego. Nyanya alitaka mbegu itoke kibuyuni mwake. Nilikataa kwa adabu, kwani mbegu ya maziwa mabichi yaweza kurudisha ugonjwa ule ule niliouchemsha. Nilinunua pakiti ya maziwa lala dukani, yasiyo na sukari wala ladha ya kuongezwa.

Asubuhi yake nyanya alionja, akatafuna kimya, akaonja tena. "Haya yamelala," akasema, "lakini hayanuki kibuyu." Siku ya tatu aliniletea kibuyu kipya nikisuuze kwa maji ya moto, na sasa maziwa ya watoto na ya mjomba hulazwa humo. Kibuyu chake mwenyewe bado hatii maziwa ya kuchemsha. Tungali tunabishana, na sijachoka.

Alhasili, ndugu msomaji, nyanya hakuwa mjinga. Kibuyu chake kilikuwa kikiifanya kazi ya Pasteur kabla sisi hatujamsikia Pasteur. Moto tuliouongeza ni wa kuwalinda wanywaji tu.

Zoezi
1. Tofautisha: kulala, kuganda, kuchacha, kuoza. Tunga sentensi kwa kila neno.
2. Kwa nini mbegu haitiwi katika maziwa ya moto?
3. Ungemshawishi vipi mzee anayekataa kuchemsha maziwa, bila kumvunjia heshima?