Breki za Motakaa Baada ya Kugongana

Motakaa mbili zikigongana njiani, na watu wakishukuru ya kuwa hakuna aliyevunjika mfupa, desturi ni kutazama taa, kunyosha madigadi kwa nyundo, na kushika safari. Breki hazitazamwi, maana hazionekani. Nazo huenda zikashika vema siku ile, na hata siku ya pili. Kisha siku ya tatu, mtelemkoni, dereva akanyaga na mguu ukashuka mpaka chini kama aliyekanyaga pamba. Na ndani wamo watoto wa shule, au mgonjwa apelekwaye hospitali.

Ili tufahamu sababu yake, kwanza tujue kazi ya breki. Mguu hausukumi breki kwa chuma, bali kwa mafuta. Katika karne ya 17 Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, alieleza ya kuwa kitu cha majimaji kikifungwa ndani ya chombo kisichovuja, ukikisukuma mahali pamoja, chasukuma kila upande kwa kani ile ile. Mguu ukikanyaga, mafuta katika silinda kuu husukumwa, yakapita katika mabomba membamba ya chuma, unene wake kiasi cha milimita 5, hata kwenye kila gurudumu. Huko yabana pedi juu ya sahani, au viatu vya breki ndani ya ngoma yake. Karibu na gurudumu bomba ni la mpira, kwa kuwa gurudumu hupanda na kushuka, na yale ya mbele hugeuka pia.

Mfano wake ni bomba la kujazia upepo baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma: upepo wakubali kubanwa. Lijaze maji, ulizibe tena, na mkono hauendi. Basi upepo ukiingia katika mabomba ya breki, nguvu ya mguu yote hupotea katika kuubana huo upepo.

Sasa gurudumu likipigwa likarudi nyuma, bomba la mpira huvutwa, pengine likachanika kwa ndani, nje lisionyeshe neno. Bomba la chuma hupindwa likagusa tairi au bomba la moshi, likalika kidogo kidogo mpaka litoboke. Ndiyo sababu ajali ya Jumatatu yaweza kuua Alhamisi. Motakaa nyingi zina njia mbili za mafuta, ili moja ikipasuka ya pili ibaki; katika Marekani sheria iliyaamuru hayo kwa motakaa mpya tangu 1968. Lakini dereva asidanganyike na hiyo nusu iliyobaki. Kanyagio likishuka chini kuliko kawaida, au taa nyekundu ya breki ikiwaka, au gari likivuta upande mmoja, asiende hata kwa fundi wa mtaa wa pili. Fundi na aitwe aje.

Kujaribu si kazi ngumu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu, kisha ushikilie kwa nguvu kiasi cha dakika moja. Likizama polepole, mafuta yavuja, ama nje, ama ndani ya silinda kuu. Likiwa laini kama sifongo, upepo umeingia. Ukiwa bado umekanyaga, washa injini: kanyagio lishuke kidogo. Lisiposhuka, yamkini kile chombo kinachousaidia mguu kimeharibika. Kisha uiname utazame upande wa ndani wa kila gurudumu kama pana unyevu.

Mafuta yakipungua, wengine hutia maji au mafuta ya injini. Ni hatari kubwa. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya breki. Maji huchemka kwa digrii 100, na mafuta ya breki ya namna ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki chini ya 205. Katika mtelemko kama wa Kitonga breki hupata moto mkali, na mvuke wa maji hayo ni sawa na upepo.

Kuvuta gari bovu kwa kamba nako kuna hila yake. Injini ikiwa imezimwa, baada ya kukanyaga mara moja au mbili kanyagio huwa gumu mno. Ni bora libebwe juu ya lori.

Malori makubwa yatumiayo upepo ni kinyume: upepo ukiisha, springi hubana magurudumu ya nyuma, gari likakataa kwenda. Utingo akizifungua springi hizo kwa spana, lori halina kizuizi tena. Magurudumu na yawekewe mawe kwanza.

Bomba lililopondeka libadilishwe. Lisinyoshwe wala kuungwa kwa mpira na waya. Upepo ukiisha kutolewa, lijaribiwe gari mahali tambarare pasipo watu, kwa mwendo wa mtu atembeaye, kisha upesi zaidi, na magurudumu yatazamwe tena siku hiyo, na tena baada ya juma moja.